Barua kwa dada yangu kuhusu "wachawi" wa Minnesota

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Sisi hatujambo, mtoto wa mwisho ameng'oka jino la pili na anacheka na kila mtu ili lionekane pengo. Natumai na nyinyi hapo Kisauni mu wazima.

Nakujibu hadharani kwa sababu video ile, inayosema wachawi wa huku Minnesota, Marekani, wanamloga Trump, uliituma kwenye kundi la ukoo, na tangu siku hiyo watu wananiuliza pembeni kama ni kweli naishi katika mji wa wachawi wanaomloga rais. Shangazi amenituliza kwa kusema ataniombea. Nashukuru kwa maombi. Lakini jambo lenyewe nalijua kwa karibu kidogo, na limenigusa, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza hilo neno. Watu hawa wanajiita wapagani bila kuona haya, na wengine hujiita jina ambalo kwa Kiswahili tungelitafsiri "wachawi". Sisi tunajua neno hilo linafanya nini kwetu. Kilifi wazee wanakatwa mapanga kwa kuwa tu wana mvi, na ukichunguza sana unakuta kuna shamba ambalo mtu alilitamani. Kwa hiyo naomba usilirushe neno hilo kundini. Hawa wa huku ni watu wanaofuata dini ya Wicca, au wanaowaheshimu miungu ya kale ya Skandinavia, Odin na Thor na Freyja, au wanaadhimisha tu misimu, jua linaporudi na mavuno yanapoingia. Hapa Minneapolis na Saint Paul wapo wengi kiasi kwamba wenyewe wameupa mji jina la utani, Paganistan. Mwaka 1974 wawakilishi wao walikutana Minneapolis na kuandika kanuni 13 za imani yao, na katika utangulizi wakasema hawatamzuia mtu mwenye nia safi kwa sababu ya rangi, jinsia, umri wala asili yake. Kumbuka hilo la rangi, nitalirudia.

Sasa kuhusu video. Ni kweli kwamba Februari 2017 mwandishi mmoja wa Maryland, Michael M. Hughes, alisambaza maelekezo ya ibada ya "kumfunga" Donald Trump, ifanywe usiku wa manane kila mwezi wa angani unapokaribia kwisha. Ulihitaji picha yake, kipande cha mshumaa wa rangi ya machungwa na karata ya taroti (zile za kupigia ramli) yenye mnara unaoporomoka. Maneno yake hayakuomba afe wala augue, yaliomba mipango yake ishindwe. Wakristo wengi wa huku walishtuka wakatangaza maombi ya kujibu.

Dada, soma tena hilo neno. Kumfunga. Mimi na wewe tumelelewa tukilisikia kila Ijumaa ya mkesha: "Namfunga kwa jina la Yesu!" Majirani zetu walipoibiwa walitishia kusoma halbadiri. Na mwaka 2017 huohuo, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta uchaguzi wetu wa urais tarehe 1 Septemba na tukaambiwa turudi kupiga kura Oktoba, kikundi chako cha maombi kilifunga siku kumi na nne ili mgombea yule afungwe kinywa. Uliniambia mwenyewe kwa simu. Na kanisa la mtaa wa pili, lenye watu wa kabila lake, lilikuwa linamfunga mgombea wako. Sikukuandikia wakati ule. Nilipaswa kukuandikia.

Jinsi nilivyojifunza kulitazama jambo hili nimejifunza kwa mwenzangu wa kazi. Tunalea wazee, zamu ya usiku. Saa tisa usiku, wazee wamelala, ndipo watu huambiana ukweli. Yeye ni wa Wicca, amevaa nyota ya pembe tano, alama ya dini yake, ndani ya sare, na kikundi chao kilikuwa cha watu kumi na mmoja. Kabla ya kuingia kwenye duara lao la ibada, kila mtu huulizwa anaingiaje, naye hujibu: "Kwa pendo kamili na imani kamili." Imani hapo, alinieleza, ni ile ya kumpa mtu mgongo wako bila kugeuka kutazama.

Novemba 2016, baada ya uchaguzi, walikutana. Ilipofika zamu yake ya kujibu, akashindwa. Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke waliyekuwa pamoja miaka tisa, ambaye alimpigia kura Trump na hakuficha. Mwanawe yuko jeshini. Mwanamke huyo ndiye aliyemsimulia mwenzangu jinsi wajane walivyokwenda mahakamani mpaka serikali ikakubali, mwaka 2007, nyota yao ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi. Kwa hiyo si mtu wa pembeni. Mwenzangu aliniambia: "Ningeweza kusema yale maneno, lakini yangekuwa uongo, na pale huwezi kusema uongo." Akachukua koti lake akatoka.

Nilimuuliza kwa nini hakusema tu ili mambo yaishe. Ndivyo sisi tungefanya, si ndiyo? Tungeshikana mikono kanisani, "amani iwe nawe", tukirudi nyumbani kila mtu na chuki yake. Hilo limenikaa moyoni tangu hapo.

Ilipokuja ile ibada ya kumfunga, kikundi kikagombana tena. Wana kanuni kwamba fanya upendalo mradi humdhuru mtu. Wengine wakasema kumfunga mtu ni kumpokonya hiari yake, na huko ni kumdhuru hata kama ni rais. Wengine wakasema ni sawa na kumnyang'anya mlevi panga. Hawakuafikiana. Wachache waliifanya majumbani mwao. Yeye hakuifanya, alikwenda kuandikisha wapiga kura na kukusanya vyakula vya makopo kwa ajili ya wenye njaa, jambo ambalo wapagani huku hulifanya kila mwaka kwenye sherehe zao za hadhara.

Tarehe 31 Oktoba 2017 ilifika. Kwao ni usiku wa kuwakumbuka waliokufa, majina husomwa. Mama wa yule mwanamke alikuwa amefariki mwaka huo. Mwenzangu alikwenda na sufuria ya supu, akasimama uani nje ya duara kwenye baridi mpaka majina yote yalipokwisha kusomwa. Kisha akaingia jikoni akapakua. Hawakuzungumza siasa. Miezi mingi baadaye, masika yalipofika, aliulizwa anaingiaje, akajibu. Wanapiga kura tofauti mpaka leo.

Lakini si kila mgawanyiko ni wa kusubiriwa uani, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu mimi ni mweusi na ninaishi huku. Wapo wafuasi wa miungu ya Skandinavia wanaosema dini ile ni ya damu, ya wazungu peke yao. Kundi lao moja, Asatru Folk Assembly, lilinunua kanisa la zamani la Kilutheri katika mji wa Murdock, magharibi mwa jimbo hili, mji wa watu wasiofika 300. Desemba 2020 baraza la mji likawapa kibali, likihofia kwamba kuwakatalia kungevunja katiba. Wakazi wengi walikasirika. Na Januari 6, 2021, yule mwanamume wa pembe kichwani aliyeingia bungeni Washington alikuwa amechorwa mwilini alama za dini hiyohiyo, nyundo ya Thor na zile pembetatu tatu za Odin.

Waliowapinga wabaguzi hao kwa sauti kuu ni waumini wenzao. Mwaka 2016, kundi lile lilipotangaza msimamo wake bila kuficha, vikundi vya Asatru, yaani wafuasi wa miungu hiyo ya Skandinavia, zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali vilitia saini Tamko la 127: hatutashirikiana nao. Jina linatokana na ubeti wa 127 wa Hávamál, mashairi ya kale ya hekima, unaosema ukiona uovu uutaje kuwa ni uovu, wala usiwape adui zako amani. Tamko hilo halikuwaambia watu weusi walio katika dini hiyo wavumilie kwa ajili ya umoja. Mlango ulifungwa, na ulifungwa kwa maneno yaliyoandikwa.

Mimi nimekaa miaka mingi nikichanganya mambo haya mawili. Anayepiga kura tofauti na mimi, na anayesema mimi si mtu kamili. Nilikuwa nawafungia wote mlango mmoja, au nawafungulia wote kwa aibu ya ugomvi. Mwenzangu hakufanya hivyo hata usiku ule alipotoka na koti lake.

Kaka yetu, Dada, ni wa aina ya kwanza. Kwenye matanga ya mjomba mlikaa pande mbili za turubai kama wageni wasiojuana, watoto wenu wakitazama. Yeye hajawahi kusema wewe si mtu. Alipiga kura ambayo hukuipenda, mwaka 2017, basi. Sikuombi umwambie mmeshapatana kama hamjapatana, wala usimtumie aya ya Biblia. Mama anasema Krismasi atakwenda kwake Voi, mguu unamsumbua na anahitaji mtu wa kumsindikiza. Mpeleke wewe. Ukifika, kama maneno hayatoki, kaa jikoni na shemeji, mkune nazi.

Video ile naomba uifute kundini. Mwenzangu nimemsimulia habari zako, anakusalimu.

Mdogo wako