Kidonda ndugu na kolajeni: kabla hujanunua tuongee kwanza

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikishapita huku Mbeya, dukani kwetu Mwanjelwa tunaanza kupokea watu wa aina moja. Mzee ana kisukari, miguu imeshakufa ganzi, jioni kaisogeza kwenye jiko la mkaa apate joto, hasikii kama anaungua, asubuhi anakuta lengelenge, na akija kwetu ni mwezi wa tisa na kidonda kiko vilevile. Wengine ni gambuti la shambani huko Uyole, kajiwe kameingia ndani katembea nako siku nzima hajui. Kidonda ndugu huwa kinaanza hivo hivo.

Sasa siku hizi wengi wanakuja wameshasikia habari za dresingi ya kolajeni, yaani kifuniko cha kuweka kidondani, wanataka wapewe tu waondoke. Jamani tuelewane kidogo. Kolajeni ni protini ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, ndio inayoshikilia ngozi na nyama, na kidonda kikianza kupona mwili unaijenga upya kama anayesuka mkeka. Kwenye kidonda kilichokaa muda mrefu kuna vimeng'enya, yaani kemikali za mwili za kuvunjavunja protini, vimezidi, vinaula ule mkeka kila unaposukwa, ndio maana unafunga na kufungua miezi miwili hakuna kinachosogea. Ukiweka dresingi ya kolajeni, vile vimeng'enya vinahangaika na hiyo ya kuwekewa, ya mwili inapata nafasi ya kujijenga. Ikilowa inakuwa kama uji mzito, nyingine inayeyukia humo humo, kwahiyo usiikwangue ukidhani ni usaha. Juu yake unaweka dresingi nyingine ya kuishikilia, na kama kidonda ni kikavu unailowesha kwanza na selaini, yale maji ya chumvi ya hospitali. Kubadilisha inategemea aina na maji yanayotoka, kuna ya kila siku na kuna ya kukaa mpaka wiki, fuata karatasi ya ndani ya boksi na maelekezo ya nesi wako.

Ila hapa ndo tunapogombana na wateja. Kidonda chenye gamba jeusi kavu, au nyama iliyokufa imejaa, kolajeni haifanyi kitu, lazima kisafishwe kwanza na mtu aliyesomea. Moto uliounguza ngozi yote mpaka chini nao sio wa kolajeni. Na ukiona usaha unanuka, wekundu unapanda mguuni, homa, usipite dukani kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hasa kama una sukari maana mguu unaweza kuharibika ndani ya siku chache. Alafu ule unga wa kapsuli za rangi mbili, zile za antibiotiki, mnazofungua na kumwagia kidondani, tunawaomba sana muache, unaganda juu na chini yake huoni kinachoendelea.

Kuna mama mmoja alitokea Tukuyu akaniambia baba yake ametumia dresingi nzuri mwezi mzima bila mafanikio, nikamuuliza anatembeaje, akasema anakanyaga kama kawaida, anaenda mpaka shamba. Kidonda kiko chini ya unyayo! Hata uweke kitu cha bei gani, mguu ukiendelea kubeba uzito wa mwili mzima pale pale hakiponi, anahitaji magongo au kiatu maalumu, sukari ishuke, na daktari aangalie kama damu inafika vizuri mguuni. Nilimrudisha bila kumuuzia kitu siku ile na sijutii.

Kingine, pima. Chukua rula, urefu na upana, andika na upige picha na simu kila wiki. Wiki 4 zikiisha na eneo la kidonda halijapungua hata nusu, rudi kwa daktari matibabu yaangaliwe upya, usiongeze boksi lingine.

Na uliza imetengenezwa na nini. Nyingi zinatokana na ng'ombe, zingine nguruwe, zingine samaki, kwahiyo mwenye aleji aseme mapema, na ndugu zetu ambao dini hairuhusu wasione aibu kuuliza, tutakusomea boksi kabla hujatoa hela. Ukija njoo na cheti cha kliniki na zile picha, mgonjwa mwenyewe muache nyumbani apumzishe mguu.