Soli za kipimo ziwafikie wenye maumivu ya miguu

Mhariri,

Naandika kuhusu soli za ndani za viatu zinazotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mgonjwa, jambo lisilozungumzwa vya kutosha hapa Kisumu. Mama anayeuza omena katika soko la Kibuye husimama tangu alfajiri. Kisigino kikianza kumuuma, hununua dawa ya maumivu na kuendelea na kazi, huku akichechemea na kuegemea upande mmoja hadi goti na kiuno navyo vinaanza kuuma. Soli iliyochongwa kufuata umbo la wayo wake husambaza uzito wa mwili na kupunguza maumivu anapotembea. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni, jambo hili ni zito zaidi: mgandamizo ukipungua, hupungua pia hatari ya vidonda, ambavyo huweza kuishia kwa kukatwa mguu. (Si kila mwenye wayo bapa, yaani usio na upinde, anazihitaji soli hizi; asiyeumwa hana haja ya kuingia gharama.)

Naiomba serikali ya kaunti itenge fedha za karakana ya kutengeneza soli hizi na kuajiri mafundi waliosomea kazi hii. Kliniki za kisukari zikague miguu ya kila mgonjwa na kuwaelekeza huko wanaostahili.

Msomaji,
Kisumu