Ruhusa za faili zisibebwe kama namba tupu

Mhariri,

Wanaoandika programu kwa lugha za Haskell au OCaml waache kubeba ruhusa za faili kama namba tupu. Ukiandika 644 (mwenye asome na kuandika, wengine wote wasome tu) ukasahau 0o mbele yake, yaani alama ya kizio cha nane, kompyuta hailalamiki: inaisoma kwa kizio cha kumi, ambayo kwa kizio cha nane ni 1204. Mwenye faili anabaki na kuandika tu, kundi halipati kitu, na watu baki ndio wanaosoma. Kituko!

Afadhali kuunda aina ya data yenye sehemu tatu, yaani mwenye, kundi na wengine, kila moja ikiwa seti ya Soma, Andika na Endesha. Kuongeza ruhusa kunakuwa muungano wa seti. Namba itokee mwishoni kabisa: jumlisha 4 (Soma), 2 (Andika) na 1 (Endesha) zinazohusika, ya mwenye zidisha kwa 64, ya kundi kwa 8. Faili ikiwa mpya, umask, yaani kichujio cha ruhusa cha mfumo, bado itapunguza ruhusa kimyakimya.

Mwandishi wa programu