Usipige cheti laminesheni kabla hujatuona

Karibu kila wiki anaingia mtu ofisini kwetu, tunakowapangia hati watu wanaohamia nchi nyingine, na bahasha iliyopangwa vizuri, vyeti vyote vimepigwa laminesheni, vinang'aa. Anaviweka mezani kwa fahari, na sisi ndio tunaolazimika kumharibia siku. Karatasi iliyofunikwa plastiki haishiki mhuri. Ofisi nyingi za kuthibitisha hati huirudisha hapo hapo, kwani mhuri unatakiwa ukae kwenye karatasi yenyewe, na chini ya plastiki si rahisi kujua kama kuna maandishi yaliyochezewa. Ukijaribu kuibandua, wino unaondoka nayo. Kinachobaki ni kuomba nakala mpya kwa mamlaka iliyotoa cheti, na nakala hiyo huweza kula wiki kadhaa za maandalizi yako.

Wengi wanadhani tunalipwa kujaza fomu. Fomu unaweza kujaza mwenyewe usiku mmoja. Kinachowakwamisha watu ni mpangilio: hati gani ianze, ipi isubiri.

Sisi tunaanza na jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yusuf, cha shule Yusufu, pasipoti Yusuph. Nyumbani huyo ni mtu mmoja. Kwa ofisa wa viza, ni watu watatu. Fungua ukurasa wa picha wa pasipoti yako, tazama ile mistari miwili ya chini yenye vialama kama vichwa vya mishale. Kila mmoja una nafasi 44, na wa juu ndio unaobeba jina lako kama mashine inavyolisoma. Weka vyeti vyako vyote kando ya mstari huo, ulinganishe herufi kwa herufi. Kiapo cha majina, yaani hati unayoapa kwamba majina yote hayo ni yako, ni njia ya mkato, lakini kuna nchi zisizokitambua. Muda ukiruhusu, tunapendelea cheti chenyewe kirekebishwe.

Jina likishakaa sawa, ndipo tunaenda kwenye mihuri. Nchi zaidi ya 120 zimo kwenye mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ulioleta apostili, yaani cheti kimoja kinachoambatishwa kwenye hati ili itambuliwe katika nchi nyingine mwanachama. Kama nchi iliyotoa hati na nchi unakohamia zote ni wanachama, kwa kawaida apostili moja inatosha. Kama mojawapo haimo, safari huwa ndefu: kwa kawaida wizara ya mambo ya nje kwanza, halafu ubalozi wa nchi uendako. Hapa ndipo ushauri wa binamu aliyehama zamani unapokupoteza, maana orodha inabadilika. Kwa China mkataba ulianza kutumika Novemba 2023, kwa Kanada Januari 2024. Na apostili inathibitisha saini na mhuri wa aliyetoa hati, basi. Kosa la jina lililomo ndani linabaki vilevile, sasa likiwa na muhuri juu yake.

Tafsiri isubiri mihuri iishe, kwa kuwa mara nyingi mihuri nayo hutakiwa kutafsiriwa. Utuulize pia kama nchi hiyo inamtaka mfasiri aliyeapishwa kwake. Wapo waliolipia tafsiri mara mbili kwa kutouliza swali hilo moja.

Cheti cha polisi, kile cha kuonyesha kama una rekodi ya uhalifu, kiwe cha mwisho mwisho. Mara nyingi hukubaliwa kwa miezi michache tu tangu kilipotolewa, hivyo anayekikimbilia mwanzoni kwa sababu ni rahisi hujikuta anakiomba tena. Hati ya kuthibitisha kuwa hujaoa au hujaolewa ni hivyo hivyo, na vipimo vya afya pia. Kama unakokwenda wanadai chanjo ya homa ya manjano, cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo cha zamani usikitupe.

Viza hatutoi, na anayekuahidi viza kwa sababu ya kupanga karatasi anakudanganya. Sisi tunakagua karatasi zako, tunazipangia ratiba kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya safari, na tunazifuatilia zinakopelekwa. Njoo nazo kama zilivyo, hata zikiwa na mikunjo. Na kama kurasa zimeshikwa na pini ya stepla, usiing'oe ili upige picha: matundu matupu kwenye kona yanamfanya ofisa aulize ni ukurasa upi uliobadilishwa.