Wifi yangu, mlete mtoto tukale

Wifi yangu, assalaam alaykum.

Kaka kanambia umekataa tena kutoka. Mtoto ana miezi 8, na tangu arobaini iishe safari zako ni mbili tu: kliniki na kwa mama. Unaogopa akilia mkahawani watu watakutazama. Nimeona nikuandikie hapa mbele za watu, maana najua wapo wengi waliojifungia ndani kwa hofu hiyohiyo.

Nami yalinifika. Kifungua mimba wangu alikuwa na miezi 5. Tulikwenda mkahawa mmoja wa juu darini, Mji Mkongwe, unapanda ngazi za mbao zilizosimama wima, mkono mmoja umeshika mtoto, mwengine umeshika ukuta. Hata sijaagiza, mtoto akataka ziwa. Nikajitanda kanga nikamnyonyesha. Hapakuonekana kitu ila vidole vyake vya miguu vikichezacheza chini ya pindo. Mhudumu akaniinamia: "Bibie, kule msalani pana nafasi." Hamu ya kula ikanitoka. Niliondoka na njaa yangu, nikalia njia nzima mpaka Darajani. Leo ningemuuliza kama yeye chakula chake hukila msalani. Miaka miwili kamili ya kunyonyesha imetajwa ndani ya Suratul Baqara, wifi. Usikubali mtu akutie haya kwa hilo.

Baada ya siku ile nikaanza kuchagua saa na mahali. Forodhani usiku tuiache kwanza. Mama hatokubali mtoto atolewe Magharibi, nami simpingi, maana saa hizo ndipo majiko yanapowashwa na moshi wa mishikaki unamfuata mtoto machoni. Twende mchana, saa sita, kabla watu hawajajaa na wapishi hawajazidiwa. Tukae chini, penye uwanja au baraza, tusipande ngazi. Kama hakuna kiti cha mtoto, atakaa pajani.

Chakula chake kimo humohumo jikoni. Boga la nazi, ndizi mbivu, wali uliopondwa kwa mchuzi usiotiwa pilipili. Mwambie mhudumu mapema, na chumvi wapunguze. Samaki mchambue kwa vidole, si kwa uma. Mwiba mdogo uma hauuhisi, kidole kinauhisi. Urojo ni wako wewe. Njugu nzima usimpe, atapaliwa. Na asali usimlambishe hata ya ncha ya kidole mpaka atimize mwaka 1, hata wazee wakikwambia ni dawa: inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda.

Akilia, kaka ndiye ainuke. Nimeshamwambia. Wewe umemshika mtoto tangu alfajiri, haiwezekani mumeo ale mpaka asafishe sahani na wako wali unapoa.

Tena si wote wanaokunja uso. Mwaka uleule, Jambiani, mama mpishi alitoka jikoni, akanawa mikono, akanambia, "Nipe mwanangu huyo, wewe kula." Akazunguka naye chini ya minazi akimwimbia, na mtoto ambaye hakuwa akikubali mtu akalala begani kwake. Nilimaliza sahani nzima ya pweza wa nazi, ya moto. Nilikuwa nimeshasahau chakula cha moto kilivyo. Mama yule hakutaka hata shukurani. Alinirejeshea mtoto wangu, akaingia jikoni kwake. Watu kama yeye ni wengi hapa kwetu kuliko yule mhudumu wangu, na hutowajua ukiwa chumbani.

Basi Jumamosi hii, saa tano na nusu, nitakusubiri Darajani. Chukua kanga doti nzima, upande mmoja wa kujitanda, mwengine wa kumkalishia. Bakuli na kijiko chake atabeba shangazi yake.