Kwa Nini Jengo Lako la Mikunjo Limetoka Limevimba Pichani

Wasanifu majengo wengi hutujia sisi wapiga picha za majengo na lalamiko moja: "Hili silo jengo nililolichora." Ukumbi uliotulia kama kobe umetoka pichani kama puto. Mara nyingi jengo halina kosa, wala kamera haina. Tatizo ni pale mpiga picha aliposimama.

Akisimama karibu mno hulazimika kutumia lenzi pana, ile inayochukua eneo kubwa, nayo huvuta vitu vilivyo pembeni mwa fremu. Kwenye jengo la pembe mraba utagundua mara moja, maana kamera ikielekezwa juu nguzo zinaonekana zimelala, na programu ya kuhariri huzisimamisha kwa dakika chache. Sasa chukua Heydar Aliyev Center, kituo cha utamaduni cha Baku, Azerbaijan, kazi ya msanifu majengo Zaha Hadid. Ukuta unapanda unakuwa paa, paa linashuka linakuwa uwanja. Utashika mstari gani wa kunyooshea? Kuba likivutwa likawa yai, mtazamaji ataamini lilijengwa hivyo. Au Sydney Opera House, jumba la maonyesho la Australia: magamba yote ya paa lake yana mpindo wa tufe moja, lakini ukiyapiga kwa lenzi pana kutoka chini ya ngazi, utadhani kila moja lina ukoo wake.

Kwa hiyo tunarudi nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu na kutumia lenzi ndefu, ile inayovuta vya mbali karibu. Pakiwa finyu, sehemu muhimu tunaiweka katikati ya fremu, na kamera tunaisawazisha kwa pimamaji.

Tunachobishania zaidi na wateja ni saa ya kupiga. Ukuta mnyoofu hujulikana kwa kingo zake. Uliopinda hauna kingo. Unajulikana kwa kivuli kinachokolea taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, basi. Jua la utosini hukifuta, na jengo jeupe likabaki kama karatasi. Jua la pembeni hulichonga. Tukikuambia tutafika alfajiri na kurudi jioni, si kwamba tunavuta muda. Mawingu nayo hayatufukuzi kila mara: titani, metali iliyovikwa jumba la makumbusho la Guggenheim la Bilbao, Hispania, hubadilika sura kufuata anga, na siku ya kijivu ina uzuri wake pale.

Usishangae pia ukipokea picha zisizo na jengo zima. Mpiga picha Hélène Binet, aliyepiga picha kazi za Hadid kwa miaka mingi kwa filamu badala ya kamera ya dijitali, mara nyingi hubaki na kipande tu na kivuli chake, na kipande hicho hueleza mkunjo kuliko picha kumi za mbali. Picha ya jengo zima utaipata, ila kwa maoni yetu si lazima iwe ya kwanza.

Kabla ya siku ya kazi, tutumie ramani inayoonyesha kaskazini, tujue jua litatokea upande gani. Na tuachie mtu mmoja apite mbele ya ukuta. Jengo lisilo na safu za madirisha halina kipimo. Bila mtu huyo, ukumbi wako unaweza kudhaniwa bakuli.