Barua kwa mwanangu: anzia vistesheni vidogo

Mwanangu, marahaba, salamu zako nimezipata, na ile meseji yako ndefu mama yako kanisomea maana maandishi ya simu saivi macho yangu hayayafikii. Umesema chuo wanataka kila mmoja achague jengo la zamani alipime, alichore, alielezee, na wenzako wengi wamekimbilia Zanzibar na Bagamoyo, wewe umefikiria stesheni ya Kigoma. Wazo zuri na nimefurahi sana, yani sana. Ila nakuomba kitu kimoja kama baba yako na kama mtu aliyewasomesha nyie kwa mshahara wa reli, usianzie Kigoma. Anzia vistesheni vya katikati huku, kati ya Tabora na Kigoma, Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Kazuramimba, alafu Kigoma uifanye mwishoni, na kwanza si ndo mwisho wa reli.

Kigoma ina watu wengi wa kuisemea. Ni ghorofa, ina matao, iko pale inapoishia barabara ya Lumumba, mgeni akishuka tu mjini anaiona na kuipiga picha. Na hadithi yake wengi wanaijua, kwamba Mjerumani alianza Dar mwaka 1905, akafika Moro 1907, Tabora 1912, Kigoma Februari 1914, kilomita kama 1,250 hivi, kampuni ya ujenzi ilikuwa Philipp Holzmann ya Frankfurt lakini waliochimba na kubeba ni watu wetu, Wanyamwezi wengi sana humo, watu ambao baba zao walikuwa wapagazi wa misafara upande huuhuu. Wakaandaa maonesho makubwa Dar ya Agosti 1914 kushangilia reli kukamilika, mwezi uleule vita ikaanza. Liemba nayo unaijua, meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa ikawekwa kwenye masanduku 5,000, ikapanda treni mpaka Kigoma ikaunganishwa pale ziwani na kushushwa majini 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaja kuiibua 1924. Hayo yameandikwa, utayapata maktaba.

Sasa niambie nani kaandika habari za Usoke. Nani kapima Usinge. Hivi vistesheni havikuwekwa pale kwa sababu kulikuwa na mji, sehemu nyingi mji umekuja nyuma ya stesheni. Viliwekwa kwa sababu njia ni moja, treni ya kutoka Kigoma na ya kutoka Tabora haziwezi kupishana popote tu, lazima moja iingie luupu, ile njia ya pembeni ya kupishania, isubiri mwenzake apite, alafu vichwa vya mvuke vilikuwa vinakunywa maji balaa, kila baada ya mwendo fulani lazima kisimame kijazwe. Kwahiyo ukifika stesheni yoyote ya zamani jiulize maji yalitoka wapi, tafuta mto au kisima, tafuta msingi wa tenki hata kama tenki lenyewe halipo. Dizeli zilipoingia matenki hayakuwa na kazi tena, na kitu kisicho na kazi kwetu huku hakikai miaka mingi, wenye biashara ya skrepa wanakijua kabla hujakijua wewe.

Ukishafika usiingie ofisini kwanza, zunguka nje taratibu. Pima unene wa ukuta pale kwenye dirisha, uone wenzetu walivyopambana na joto kabla ya feni. Pima kibaraza kimetokeza kiasi gani na jua la saa nane linaishia wapi. Alafu nenda kwenye kidirisha cha tiketi. Stesheni moja niliyofanya kazi, ubao wa chini ya kile kidirisha ulikuwa umelika katikati mpaka umekuwa laini na kubonyea kama kibakuli, ni viganja vya watu hivo na sarafu zao, abiria wa miaka yote wameweka mkono palepale. Ukikuta kitu kama hicho kichore kwa ukubwa wake halisi, usikipige picha tu ukaondoka. Na kile kipande cha reli kinachoning'inia, kinachogongwa kutangaza treni inakuja, nacho kipime, maana siku wakiweka spika kitakuwa cha kwanza kuondoka.

Inama pia kwenye njia yenyewe. Mataruma ya chuma, yale yanayolala chini ya reli, utaona ncha zake zimekunjwa kwenda chini, hiyo ni ili zing'ate kokoto njia isitambae pembeni treni ikipita kwenye kona. Na ubavuni mwa reli za zamani kuna herufi na namba za kiwanda, pakaa chaki zisomeke, piga picha asubuhi au jioni jua likiwa limelala, mchana hutaona kitu. Mara nyingi namba zile zinakuwa na mwaka, na wewe unahitaji miaka, maana si kila kinachoitwa cha Mjerumani ni cha Mjerumani. Mwingereza naye kajenga na kubomoa. Njia ya Tabora kwenda Mwanza ni yeye kaimaliza 1928, na tawi la Kaliua kwenda Mpanda ni lake pia, baada ya vita ya pili, kufuata madini ya risasi. Urambo alileta karanga, ule mradi mkubwa wa 1947 ulioshindwa, baadae ikaja tumbaku. Uvinza ni chumvi, na chumvi ya Uvinza ilikuwepo kabla ya mzungu yeyote kufika. Kwahiyo ukiona godauni kubwa kuliko stesheni yenyewe uliza lilijengwa kwa mzigo gani, na kututofautishia ukuta wa nani ni upi ndo kazi uliyosomea.

Kinachonikosesha raha ni hiki. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inayalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, yaliyobaki mpaka waziri ayatangaze. Reli yetu yote ni ya baada ya hapo, kwahiyo jengo la 1912 kwa sheria ni jengo tu la kawaida, na waziri atatangazaje kitu ambacho hakina hata mchoro? Na saivi mkataba wa SGR, ile reli mpya pana, kipande cha Tabora kwenda Kigoma ulishasainiwa, Desemba 2022. Mimi SGR naitaka, nataka nipande kabla sijafa, ndugu zetu wa Kigoma wamelala sana njiani kwenye mabehewa. Lakini ile ina upana wa milimita 1,435 na yetu ni 1,000, haziwezi kutumia chuma kimoja, na njia mpya haifuati ya zamani kila sehemu. Kuna vistesheni treni ya abiria itaacha kuvijali kabisa. Pakiwa hakuna treni hakuna stesheni masta, pasipo stesheni masta mlango unang'olewa wiki hiyohiyo, alafu mabati, alafu mvua inamalizia.

Na vinaweza kutumika. Marekani vistesheni vingi vya vijijini vimefanywa maktaba na makumbusho, vile vya mbao vingine vimebebwa vizimavizima na kuhamishwa, Nairobi makumbusho ya reli yapo tangu 1971. Usoke ingekuwa na zahanati mle, au chumba cha watoto kusomea na ukuta mmoja wa picha za gengi, wale watengeneza njia, na mafundi wa zamani, mimi ningekuja kwa mguu kuifagia. Ila vya kwetu vya mawe huwezi kuvibeba, vikiokolewa vitaokolewa palepale vilipo, ndo maana nakusumbua uanze navyo.

Njoo kiangazi, Juni au Julai, masika upande wa Malagarasi maji yanajaa utashindwa hata kushuka. Barua ya chuo ya kuomba kibali iandikwe mapema, ile ni mali ya serikali na mtu akikuona unapima bila karatasi atakusumbua. Beba futi kamba ya mita 30 na mwenzako wa kushika upande wa pili, usiende peke yako. Wastaafu waliobaki kwenye kota za reli waamkie vizuri, kaa chini, kunywa chai ukipewa, alafu ndo uulize, na jina la kila chumba andika wanavyoliita wao. Yupo mzee Nguruka alikuwa kwenye gengi enzi za mvuke, bado anakumbuka kila tenki lilikaa wapi, lakini mwaka huu hajawa mzima sana. Nitumie tarehe zako wiki hii nimpigie mwanae, na mama yako anauliza kama hela ya kula imebaki.

Baba yako, Tabora